Aliyepewa Ateliye ya Beni

Mama mukubwa wangu, dada ya mama, ndiye aliyenilea. Alikuwa na ateliye ya kushona katika mtaa wa Mususa, hapa Butembo, na kazi yetu kubwa ilikuwa iniforme za shule. Yeye alikata vitambaa, sisi tulikaa kwenye mashini, na hakuna shati lililotoka mlangoni kabla hajalivuta kola kuona kama imeshika.

Kazi ilipozidi, akasema anafungua ateliye nyingine Beni, katika komini ya Beu, mtaa wa huko. Nyumbani wote walijua nitatumwa mimi. Nilishaanza hata kuchagua nguo za kutia kwenye begi. Lakini Jumapili moja, baada ya misa, akamtaja mwingine: yule mshonaji mwenzetu aliyebishana naye kutwa, kuhusu vifungo, kuhusu urefu wa mikono, hata kuhusu upande wa kufungulia dirisha.

Nilienda jikoni kumenya viazi, nikilia. Akanifuata, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi pamoja nami.

“Mama mukubwa, ule mutu anakukatalia kila kitu!”

“Njo sababu. Hapa ninajionea miye mwenyewe. Kule nitaona na macho yake tu. Weye, mwanangu, uko na roho muzuri, na mukono wako ni muzuri. Lakini unaniogopa. Nikikosea, utanyamaza.”

Nilitaka kumwambia kwamba simwogopi. Nikanyamaza.

Baada ya muda habari zikatufikia: Beni hawashoni tena iniforme. Siku hiyo mama mukubwa hakugusa chakula. Kesho yake tukapanda taksi, na njia nzima alikuwa akijaribu kwa sauti maneno makali atakayosema, mpaka dereva akashindwa kujizuia kucheka.

Tulikuta ateliye imejaa kanzu nyeupe. Familia moja ya Waislamu, watu wa malori, walikuwa na harusi. Pembeni zilining'inia suruali za walimu na maofisa wa serikali waliotumwa kutoka mikoa ya mbali, wageni wasiokuwa na fundi wao mjini.

“Nani alikutuma kazi hii?” mama mukubwa akamwuliza yule mshonaji, hata salamu akaisahau.

“Ni weye, mama. Ulisema nishonee batu. Mashule ya huku iko na bashonaji babo tangu zamani. Sasa nikae tu mulangoni naangalia barabara?”

“Na hapana kuniuliza?”

“Ningekuuliza, ungekatala.”

Mama mukubwa akaketi, akachukua kanzu moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono. Nilimjua, alikuwa akitafuta kosa. Mwishoni akaikunja vizuri kuliko alivyoikuta.

“Iko chai?” akauliza.

Tukanywa chai. Maneno makali ya ndani ya taksi hatukuyasikia tena.

Tangu siku ile aliacha kupiga simu Beni kila asubuhi. Haikuwa rahisi kwake. Nilimwona mara nyingi akishika simu, akiitazama, kisha akiirudisha mfukoni. Ikaja kipindi njia ilikuwa mbaya na hatukuweza kufika Beni. Ateliye ile haikusimama. Hakuna aliyengoja ruhusa kutoka Butembo.

Nami aliniachia makasi ya kukatia. Siku moja nikamwambia mifuko aliyochora ni midogo, mkono wa mtoto hauingii. Akakasirika mpaka saa sita. Mchana akaniletea ndizi za kuchoma, akaziweka karibu na mashini yangu, akasema, “Ongeza mifuko.”

Siku hizi anazungumzia kufungua ateliye ya tatu Mangina, kule Mabalako, kwa wakulima. Ameniuliza nani apelekwe. Nimemtajia mtu ambaye yeye hampendi hata kidogo, na mpaka sasa hivi, ninapoandika haya, bado tunabishana, na anayeanza kucheka ni yeye.