Mama Sabuni Aulizia Akiolojia

Kwa miaka kumi na tisa Mama Sabuni hakuwahi kununua kitu bila kumuuliza kwanza aliyekwisha kukitumia. Dawa ya sakafu aliiulizia kwa wafagizi, maana mwenye kiwanda atakusifia hata maji ya bomba. Ndoo aliziulizia kwa waliovunjikiwa na mpini. Ndivyo alivyojenga biashara yake ya vifaa vya usafi, yeye aliyeishia darasa la saba, mpaka akawa anapeleka sabuni, mafagio na karatasi za chooni kwenye ofisi zote za jengo moja la ghorofa sita. Kwa hiyo binti yake alipomwambia kwamba amechagua kusomea akiolojia, tabu ya kwanza ilikuwa hiyo: hakumjua hata mtu mmoja aliyewahi kuitumia bidhaa yenyewe.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Unachimba, mama. Unafukua vitu vya watu wa zamani, kisha unajua waliishi vipi."

"Vitu gani?"

"Vigae. Mifupa. Majivu ya jikoni."

Kaka yake Mama Sabuni, dereva wa lori, alikuwepo Jumamosi hiyo, na chai ikampalia kwa kucheka. "Mpwa wangu, majivu yako hapo nyuma ya jiko, tena bure! Chuo cha nini?"

Mama Sabuni naye akacheka, kwa sababu kicheko cha kaka yake kinaambukiza kama mafua. Binti hakucheka. Alikuwa mwaka wa kwanza, na chuo kilikuwa kimewapa hadi Ijumaa wote wanaotaka kubadili kozi. Kesho yake mjomba akaleta fomu, imejazwa tayari: Uhasibu. Ilikosa sahihi mbili tu, ya mwanafunzi na ya mzazi.

"Ukisaini wewe, na mimi nitasaini," binti akamwambia mama yake. "Anayelipa ada ni wewe."

Alisema kwa sauti ya mpangaji anayerudisha funguo. Sauti hiyo ikamnyima Mama Sabuni raha. Angelia, angemkaripia. Angegoma, wangegombana yakaisha. Lakini mtu akikukubalia upesi namna ile, ukikosea wewe, mzigo wote unaubeba peke yako, na binti ndiye mwenye maisha ya kuharibika.

Jumanne ilikuwa siku ya kupeleka mzigo. Akapakia toroli, akapanda na lifti hadi juu, akaanza kushuka ghorofa moja moja, na safari hii kila aliyemsainia risiti alipata swali la nyongeza: "Samahani, hivi wewe ulisomea nini?"

Meneja wa bima, ghorofa ya sita, alisomea mifugo.

"Mifugo ya ng'ombe?"

"Na mbuzi wake. Walitaka mtu wa kukadiria hasara wafugaji wakifiwa na mifugo. Nikaingilia mlango wa ng'ombe, nikabaki na magari na nyumba."

Ghorofa ya tano, daktari wa meno akamtazama juu ya barakoa. "Udaktari wa meno, mama. Au ungependa niwe nimesomea ushairi, huku nimeshika koleo?"

Mgonjwa kitini akaguna kukubaliana naye. Hapo Mama Sabuni akapata jambo la kwanza: zipo kazi zenye kufuli, usipokuwa na ufunguo wake hupiti. Mhandisi wa ghorofa ya nne alikuwa hivyohivyo. Lakini ya tatu, kwenye ofisi ya matangazo, bosi alisomea fizikia na msaidizi wake alisomea dini, na wote wawili walikuwa wananunua sabuni ya bei juu.

Akamalizia mapokezi, kwa msichana ambaye hakuwahi kukosea idadi ya karatasi za chooni.

"Wewe je, mwanangu?"

"Uhasibu."

"Cheti?"

"Shahada. Daraja la kwanza."

Mama Sabuni akaliachia toroli. "Sasa mbona uko mlangoni?"

"Tulimaliza mia tatu na arobaini, mama. Waliotutangulia walikuwa wengi vilevile. Wote tunagonga palepale." Msichana alisema bila kujihurumia, huku akigonga muhuri. "Na waliopata wapo. Mmoja alijua Kichina. Mwingine kila likizo alikuwa anasaidia kwenye ghala, wakamzoea, wakambakiza."

Mama Sabuni aliijua hesabu hiyo bila shule. Mwaka mmoja wachuuzi wote walileta ndoo za bluu, zikadoda, na hazikuwa ndoo mbaya.

Alimkuta binti yake anapiga pasi. Mama hata viatu hakuvua.

"Akiolojia mko wangapi darasani?"

"Saba."

Moyo wa muuzaji uliruka kabla ya moyo wa mama. Akautuliza. "Na wanunuzi?"

Binti akaisimamisha pasi. "Wajenzi. Kabla hawajachimba bwawa au barabara kubwa, anapita mtu kuangalia chini kuna nini, anaandika ripoti. Bila ripoti, matingatinga yanalala."

"Nani kakwambia?"

"Wenyewe. Nilikwenda kampuni tatu kabla sijachagua, nikakaa kwenye mabenchi yao mpaka wakachoka kuniona. Mbili zilisema nirudi nikimaliza. Ya tatu ikasema asiyejua kuchora ramani kwa kompyuta haimtaki, hata awe amefukua mfalme."

Mama Sabuni akavuta kiti. "Na mbele ya mjomba wako hukuyasema kwa nini?"

"Mlikuwa mnacheka."

Hilo lilimpata, akalimeza. "Ramani unasoma?"

"Ni somo la kuongeza. Fomu yake ninayo, nayo inataka sahihi yako."

"Na uhasibu?"

"Mama!"

"Sijasema kozi nzima. Masomo mawili."

"Moja."

"Mawili, na likizo unakwenda kwa hao wa mabenchi, hata kama ni kufagia."

"Moja, na likizo nakwenda. Fagio utanipa wewe."

"Moja na nusu."

"Somo halina nusu, mama."

Mama Sabuni akajaribu kununa, njia ambayo huwashinda wauzaji wa jumla wenye mvi. Binti akachukua pasi, akaendelea na kola. Hakuongeza neno wala hakupunguza.

"Haya, moja," mama akasema. "Lakini mjomba wako utamweleza wewe."

"Hapana. Huyo ni kaka yako."

Akasaini ya ramani. Ile ya mjomba akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Mkono ulikuwa mwepesi. Tangu Jumamosi aliogopa amelea mtoto wa kuuziwa chochote, na sasa alikuwa amebanwa bei ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Simu ikalia. "Umesaini?" kaka yake akauliza.

"Nimesaini. Ya ramani."

Akamweleza kila kitu, tangu ng'ombe wa meneja mpaka msichana wa mapokezi. Upande wa pili ukakohoa.

"Akikosa kazi usiniite."

"Sitakuita, kaka. Kwa kuuliza, huyu ananishinda mimi."

Akakata simu, akavua viatu hatimaye, akanyoosha miguu na kumwambia binti yake alete chakula, maana siku tatu nzima alikuwa anakila bila kusikia ladha yake.