Indiketa Iliyotaka Kumhamisha Mayu Nkwimba

Mwanangu, mimi huyu unayeniona na miwani yangu nilishawahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba lori likitazamwa na mtu mwenye jicho baya, indiketa zake, zile taa za kuonyesha kona, hupepesa mbio kwa sababu lori limeogopa. Usicheke. Bariadi nzima tuliamini. Ilisemekana kuna lori huko Bukundi lilipepesa hivyo asubuhi, na jioni likajiendesha lenyewe hadi mtoni kunywa maji. Mimi nilipokuwa nasimulia niliongeza kwamba ng'ombe walisimama pembeni kulisubiri limalize.

Siku ninayotaka kukupa ilikuwa ya msimu wa pamba. Soko lilikuwa limefunguliwa, kila mwenye fedha na mizani ananunua pamba, na madukani vitu vya nje vinamwagika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Nilikuwa dereva wa Fuso, lori la mnunuzi mmoja. Asubuhi nilinunua balbu za LED, nikazichomeka mwenyewe kwenye indiketa zote, mbele na nyuma, maana ziling'aa hadi jogoo angewika akidhani kumekucha. Sikuzijaribu. Nikaenda Ngulyati kupakia, na njia nzima sikuwasha indiketa. Kwenye vumbi lile unamwonyesha nani, mbuzi?

Kwenye kituo cha kununulia pamba nilimkuta Mama Nkwimba, au Mayu kama tunavyosema kwa Kisukuma, mjane mmoja wa pale Ngulyati, ameleta pamba yake. Karani wa mizani, kijana aitwaye Luhende, akapima na kutaja kilo. Mama yule akatikisa kichwa.

"Karani, pamba hii nimeipima kwa jirani kabla sijaja. Imepungulia wapi? Ilikuwa inatembea huku inadondoka?"

"Mayu, macho yako yamechoka. Sogea, wenzako wapimiwe."

Mayu Nkwimba akanyoosha kidole mbele yake, upande tuliokuwa tumesimama, akasema, "Hiki kitu mtakuja kunieleza." Akaondoka na pamba yake.

Tukamaliza kupakia. Nikawasha gari, na kwa kuwa pale kituoni kulikuwa na watu wa kutazama, nikaona nioneshe taa zangu mpya. Nikabonyeza indiketa. Mama yangu! Tikitikitikitiki, mbio kuliko cherehani ya fundi anayedaiwa nguo ya harusi.

"Mmeona?" Luhende akapiga kelele. "Kidole kile! Amelitazama lori!"

Na mimi, mwanangu, nikaruka chini kabla injini haijazimika vizuri, nikapiga kelele kumzidi. Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa na habari. Sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wakaitisha mkutano wa kesho yake asubuhi, ajenda moja tu: Mayu Nkwimba ahame. Nami nikaambiwa nije na lori, liwe shahidi.

Hapa ndipo hasira hunipanda hadi leo. Mama wa umri ule, peke yake, abebe jembe na vyungu vyake aende wapi? Nani angempokea na jina lile mgongoni? Na unajua vizuri kwamba huku kwetu wapo akina mama waliofanyiwa mabaya kuliko kuhamishwa, kwa sababu za kipuuzi kama hizo. Wakati huohuo Luhende aliendelea kupima pamba kwa raha zake. Nani tena angethubutu kuinyooshea mizani ile kidole? Wote waliogopa kuitwa wachawi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda, nilipita dukani kwa Bi Zuhura, yule aliyeniuzia balbu, kununua fyuzi za akiba. Niliogopa lori lisije likazimikia mkutanoni. Nikamsimulia kisa chote kwa madaha. Hakucheka.

"Hebu rudia. Mnataka kumfanya nini huyo mama?"

"Kumhamisha, Bi Zuhura. Ameliroga lori."

"Balbu zangu ulizifunga lini?"

"Jana asubuhi."

"Na indiketa uliiwasha mara ya kwanza lini?"

"Palepale kituoni."

"We dereva, balbu ya kawaida ikiungua moja, indiketa inafanyaje?"

"Inapepesa mbio."

"Nani huwa anairoga?"

Bi Zuhura akapiga kaunta kwa kiganja, sauti ikafika barabarani. "Flasha ya gari lako, kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa, imezoea balbu zinazokula umeme mwingi. Hizi za LED zinakula kidogo sana. Flasha inadhani balbu imeungua, inapepesa haraka ili ikuambie. Basi! Chukua hii flasha ya LED, ya volti ishirini na nne, nenda kafunge mbele yao. Na usipofika kabla hawajamtoa, usikanyage tena dukani kwangu!"

Mwanangu, siku hiyo Fuso lilipaa. Nilifika nikamkuta Mayu Nkwimba amekaa juu ya furushi lake, tayari limefungwa. Nikawasha indiketa: tikitikitiki. Watu wakarudi nyuma. Nikaingiza mkono chini ya dashibodi, nikachomoa flasha ya zamani, nikachomeka mpya. Tik... tik... tik... Taratibu, kama ng'ombe anayecheua. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa, na nikasema wazi kwamba balbu nilifunga mimi.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo mchawi ni hicho kidude?" Watu wakaangua kicheko. Mayu Nkwimba peke yake hakucheka. Aliinuka, akanisogelea.

"Mwanangu, mimi sikulinyooshea kidole lori lako. Niliinyooshea mizani. Lori lilikuwa limesimama nyuma yake."

Akaomba mizani ya jirani iletwe, gunia lake la pamba lipimwe kwenye mizani zote mbili mbele ya watu. Sungusungu wakageuka kumtafuta Luhende. Alikuwa ameshatokomea kwenye mashamba ya pamba, anakimbia kuliko indiketa yangu.

Basi shika haya. Ukifunga LED, badilisha na flasha. Fundi akitaka kukufungia rezista, ile ya kula umeme ili flasha idanganyike, badala yake, hakikisha ameibana kwenye chuma, mbali na waya na plastiki, maana inapata moto kama pasi. Hilo la gari ni dogo. Kubwa ni hili: kitu usichokielewa, kaulize kwa anayekiuza au anayekitengeneza, usikipachike kwa jirani yako. Na siku ukiona watu wamemzunguka mama mzee wakimwita mchawi, usiulize amemroga nani. Uliza alikuwa anadai nini, na nani anafaidika akinyamaza.

Mungu akupe breki zinazoshika na ng'ombe wanaozaa kila mwaka. Akupe na ulimi mzito, mwanangu, kila unapotaka kulitaja jina la mtu.