Kitambaa Kwenye Bomba la Kupumulia

Naikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Marehemu mke wangu alinitania sana kwa hilo. Sasa hayupo wa kunitania, basi nikusimulie wewe.

Nilikuwa kijana, fundi wa injini nzito katika karakana ya Baba Ngoie, pale mtaa uitwao Kenya, hapa hapa mjini kwetu. Tulikuwa tumeiunda upya injini ya buldoza ya Bwana Paluku, mfanyabiashara aliyetoka Kivu. Tuliweka pistoni mpya, pete zake mpya, na kila mpira wa kuzuia mafuta mpya. Tukamkabidhi mwenyewe funguo, akatushika mkono, buldoza ikaenda kusawazisha viwanja upande wa Kasapa. Haukupita muda, mafuta yakaanza kutiririka nyuma ya injini. Tukabadilisha ule mpira wa nyuma, kazi ya kuvunja mgongo, maana lazima utenganishe injini na gia. Yakatiririka tena.

Asubuhi hiyo tulimkuta Bwana Paluku kiwanjani, amenuna.

"Baba Ngoie, munaniambia iko mupya, kumbe inakojoa kama mutoto! Leo ikishindikana, napeleka kwa bengine."

Mimi nilikwisha kushika spana. Baba Ngoie akanizuia, akamwambia dereva awashe. Dereva huyo aliitwa Mulamba, mtu mpole, tulisali naye kanisa moja. Injini ilipowaka, mzee Ngoie alifungua kifuniko cha kujazia mafuta. Upepo wa moto ukamvumia usoni, kofia ikaruka. Tulicheka wote isipokuwa yeye. Aliinama, akapapasa bomba la kupumulia mpaka mwisho wake chini, akachomoa kitambaa cheusi kwa mafuta.

Nikueleze, mwanangu, kama hujashika kazi hii. Hata injini iliyoundwa vizuri, moshi kidogo hupenya kando ya pistoni ukashuka chini kwenye mafuta. Lile bomba ndilo njia yake ya kutoka. Ukiliziba, moshi unasongamana, unasukuma mafuta, nayo yanatokea pale penye udhaifu. Tulikuwa tunalaumu mpira bure.

"Nani aliweka hii?" mzee aliuliza.

Mulamba angeweza kunyamaza. Alizima injini, akashuka.

"Ni mimi, Baba. Vumbi ya huku munaiona. Nikasema, ikiingia mule itakula injini mupya ya patron. Kila asubuhi naweka kitambaa safi."

Kila asubuhi! Nikapasuka kwa kicheko. "Dereva muzima anaziba machine pua!"

Bwana Paluku, tajiri wake, hakucheka. "Mulamba, leta funguo. Leo iko siku yako ya mwisho."

Niliuona mkono wa Mulamba ukiingia mfukoni polepole, kicheko kikanikauka. Baba Ngoie akanigeukia mimi, si tajiri.

"Weye unasheka nini? Ulimuambia hii bomba iko ya kazi gani?"

"Hapana, Baba. Lakini si wanasema asiyejua maana haambiwi maana?"

"Hiyo iko methali ya bavivu. Asiyejua njo wa kuambiwa! Tulimupa patron funguo, tukamupa patron mukono. Huyu anashinda juu ya machine, tulimusahau inje." Kisha akamwambia Bwana Paluku, "Patron, muntu wa kuogopa ni ule anayeficha. Huyu amesema mwenyewe. Mutamupata wapi mwingine?"

Bwana Paluku alikitwaa kile kitambaa, akamrudishia Mulamba.

"Basi panda," alisema. "Lakini hicho kitambaa, pangusia kioo."

Tulisafisha bomba na chujio lake kwa mazutu, yaani dizeli, tukaelekeza mdomo wake chini mahali vumbi lisipoufikia, tukafuta mafuta ya nyuma. Buldoza ilifanya kazi hadi jioni na nyuma ikabaki kavu. Mpira ulikuwa mzima. Tangu siku hiyo, injini haikutoka katika karakana yetu kabla dereva wake hajaitwa, akaweka kiganja kwenye lile bomba na kuusikia upepo ukitoka. Mulamba mwenyewe alikuja kuwafundisha madereva wapya, na alijitania kuliko tulivyomtania sisi.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Usizibe kitu ambacho hujui kazi yake, hata kwa nia njema. Kuuliza si ujinga. Na wewe unayejua, usimcheke asiyejua kabla hujajiuliza kama ulimwambia. Ukikosea, sema mapema, kwa kuwa mficha maradhi kilio humuumbua.

Sina elimu ya kufananisha kila kitu na injini. Ila tangu nimzike mke wangu, wengi wameniambia nijikaze, na nilijikaza mpaka nikawa mkali kwa watoto bila sababu. Siku hizi jioni naketi na jirani, namtaja mke wangu kwa jina, tunacheka kidogo, nalia kidogo. Watoto wamerudi kunikaribia. Uchungu haujaisha, lakini nyumba ina amani.

Mungu akupe kazi ya mikono isiyokuaibisha. Akupe wakubwa wa kukueleza na wadogo wa kuwaeleza. Na ukipatwa na huzuni, akupe mtu wa kuketi naye. Amina.