Kilichopumua Ndani ya Pamba

Chekeni mmalize. Mimi wa kidato cha pili, Bariadi, nilifungua kundi mtandaoni nikajiita Daktari. Nadharia yetu: kila anayebisha, anaendeshwa na woga uliojificha akilini. Ukinibishia nakuambia, "Huo woga," kisha nakutoa.

Jamaa mmoja wa Kasoli akaandika, "Daktari, wewe huogopi? Kaa gizani peke yako, utume sauti tusikie." Wengine wote wakamuunga mkono. Nikikataa, kundi limekwisha.

Magharibi nikanyata hadi chumba alichorundika Bibi pamba, akisubiri wanunuzi wapandishe bei. Nikabana kitufe cha kurekodi kwenye simu. "Ndugu zangu, niko gizani, nimetulia kabisa."

Rundo likainuka. Likashuka. Nikazuia pumzi yangu, lakini pumzi nyingine ikaendelea, taratibu, karibu na goti langu. Kisha pamba ikanishika mguu.

"Mamaaa! Nakufa!"

"Ng'wanone, mwanangu!" Bibi akachomoza, mweupe kichwa kizima. "Nalinda pamba yangu na wezi, unanikanyaga! Ona, umekojolea kaptula ya shule!"

Nikashusha pumzi kwa furaha kwamba ni Bibi tu, vidole vikalegea, vikaachia kitufe. Sauti yote ikaenda kundini.