Mji Usio na Msiba

Vumbi la televisheni likipata moto lina harufu yake, kama ya nywele zilizosogezwa karibu na jiko, ila kwa mbali. Harufu hiyo ndiyo niliyoishi nayo mwaka wangu wa kwanza Mkuza, Kibaha, kwa shangazi yangu. Televisheni yenyewe ilikuwa ile ya kisogo, imewekwa juu ya kabati la vyombo na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Shangazi alikuwa mtumishi wa serikali, anaondoka alfajiri kwenda Dar na kurudi jua limeshazama, na kwa imani yake kitambaa kile hakikuvuliwa mpaka saa ya taarifa ya habari. Kumbe Deo, mwanawe wa pekee, alikivua kila siku saa nane mchana tukishatoka shule, akachomeka mashine ya gemu aliyoachiwa na baba yake mdogo, na sebule ikaanza kunuka vumbi la moto. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na minne. Paka akiondoka panya hutawala, nasi tulitawala mpaka saa kumi na moja, saa ya kuchota maji, kufagia, na kurudisha kitambaa kama kilivyokuwa. Shangazi hakuwahi kutufuma, au alitufuma akanyamaza.

Sikuwa pale kwa matembezi. Kwetu kulikuwa Visiga, kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Baba alikuwa dereva wa lori, Mpare wa Same aliyeoa Mzaramo wa Kibuta, na kazi yake ilikuwa kuleta mahindi Dar kutoka bara. Alasiri moja, akiwa amebakiza mwendo mfupi tu afike nyumbani, alimgonga mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akivuka barabara. Mtoto alifariki palepale. Baba akawekwa mahabusu, baadaye akahukumiwa kifungo. Mama akafunga vyombo akarudi kwao Kibuta, huko Kisarawe, kulima mihogo pamoja na bibi, na mimi nikaletwa kwa dada wa baba nisikatishwe masomo. Watu wazima wote walikuwa na neno moja: ghafla. Mtoto alitokea ghafla. Shangazi aliwaambia hivyo majirani, mama aliwaambia hivyo ndugu, hata mchungaji alipokuja kutuombea alilitumia neno hilohilo. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu. Alasiri ileile nilikuwa nimechukua simu ya mama nikampigia baba kumuuliza kama amelikumbuka nanasi langu la Chalinze. Simu ilipokelewa. Nikasikia ngurumo ya injini na “Haloo” ya kiume iliyomezwa na upepo, kisha ikakatika. Jioni, watu walipokuja na habari, nilikwenda uani nikaifuta ile namba kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Sikulia. Wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Haukuwa ugumu, nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya, unaugusa na huoni kuwa ni wako.

Gemu ilikuwa moja tu, tuliita gemu ya mji. Ulimwendesha mwanamume mmoja katika mji wa ng'ambo wenye maghorofa na minazi, na ulikuwa na ruhusa ya kwenda popote, kuingia gari lolote, kumpiga yeyote. Zilikuwepo misheni, yaani kazi za kufanya ili hadithi isonge, ila sisi hatukufika nazo mbali kwa sababu mashine haikuwa na memori kadi. Kila umeme ulipokatika, na Mkuza ya wakati ule ulikatika kila siku, yule mwanamume alirudi mwanzo kabisa, mlango uleule, shati lilelile, kana kwamba hajawahi kumkosea mtu. Deo hakujali. “Misheni za nini na umeme wenyewe huu?” alikuwa akisema. “Sisi tunazurura tu.” Lile neno lilinishangaza. Nyumbani lilikuwa neno la matusi. Nikichelewa dukani dakika mbili, shangazi alinipokea mlangoni na kuniambia mtoto wa kike hazururi, na redioni mtu alikamatwa kwa uzururaji. Na hapa ulikuwepo mji mzima uliojengwa ili watu wazurure.

Deo alizurura kwa fujo. Alipanda pikipiki mpaka juu ya paa za nyumba, akaruka, akaanguka baharini, akacheka mwenyewe. Kitu kimoja tu kilimuudhi, daraja lililofungwa kwa vizuizi mpaka umalize misheni kadhaa, na akawa kila siku anakwenda kuligonga na gari jipya, asijifunze. Mimi nilipopewa pedi ya kuchezea nilitembea kwa miguu. Niliangalia madirisha, nikasimama kwenye taa nyekundu ingawa hakuna aliyenilazimisha. Jambo lililonikamata lilikuwa jingine. Ukimgonga mtu kwenye ule mji, analala. Wenzake wanapiga kelele na kukimbia, muda si muda wanatembea tena kama kawaida. Ukikata kona na kurudi, yule aliyelala hayupo. Hakuna damu, hakuna hata kiatu. Nilimuuliza Deo amekwenda wapi. “Kafutika,” akasema. “Mashine haiwezi kubeba watu wote hao.” Mama alikuwa ametaka kwenda kwenye ule msiba wa Visiga kutoa pole. Wajomba zake wakamzuia, wakasema watu wana hasira, atapigwa. Akakaa ndani siku tatu, kanga kichwani, akilia msiba aliokatazwa kuingia. Kwenye gemu nilibonyeza vitufe vyote. Kilikuwepo cha ngumi, cha kuruka, cha kumtoa mtu garini kwake. Cha kutoa pole hakikuwepo.

Ndipo nikaanza jaribio langu. Deo alipokwenda kisimani, nilitafuta lori, nikaliendesha hadi barabara ndefu ya ufukweni ambako watu walikuwa wakivuka ovyo. Nilitaka kujua jambo moja tu: mtu akiwa anaendesha, mkono mmoja ukiwa na simu sikioni, mtoto akatokea ghafla, anaweza kusimama au hawezi? Kwanza nilishika pedi kwa mikono miwili na kwenda polepole, nikasimama vizuri. Mikono miwili na mwendo mkali, mara nyingine nilisimama, mara nyingine sikusimama. Kisha nikaiweka pedi mapajani, nikaishika kwa mkono mmoja, na ule mwingine nikauweka sikioni. Hapo niligonga karibu kila mara. Nilirudia siku hiyo na siku iliyofuata. Nilirudia wiki nzima, na wiki nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele. Kila nilipogonga sikusikia huruma wala hofu. Niligeuza lori, nikarudi, nikakuta barabara safi, nikaanza upya. Nilikuwa na uhuru wa kwenda popote katika mji ule, na sikutoka kwenye barabara ile moja.

Deo alinikuta siku moja ndoo ikiwa bado begani. “Anjela, mbona unazingua?” akasema. “Mji wote huu wako, helikopta ipo, boti ipo, wewe unakwenda na kurudi hapohapo kama mlinzi!” Nikamwambia kila mtu na kuzurura kwake. Akatua ndoo, akacheka, akauonyesha mkono wangu wa kushoto. “Na hiyo simu, unaongea na nani?” Mkono sikuushusha. Alinitazama, akaitazama ile barabara, na nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo. Hakuuliza tena. Kesho yake aliniambia sidii ya gemu imekwaruzika, haisomi, akaweka ya mpira aliyoazima kwa jirani. Miezi mingi baadaye, nikitandika kitanda chake, niliikuta ile sidii chini ya godoro, safi, inang'aa. Nikairudisha palepale. Hatukuzungumzia jambo hilo, naye hakumwambia mama yake, na kwa hilo nampenda mpaka leo.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba mtu anaweza kuuficha kwa miaka ishirini huku anasoma, anaajiriwa, anajenga. Baba alitoka gerezani nikiwa kidato cha kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa mama Kibuta, akashika jembe, na gari hakuliendesha tena. Mimi nilikuwa mtoto mwema kupita kiasi. Sikumwomba kitu kamwe, si kiatu, si daftari, na yeye alidhani nimelelewa vizuri na dada yake. Nilikwishakata shauri kwamba baba yangu alifungwa kwa sababu ya nanasi, na mtoto wa watu alikufa kwa sababu hiyohiyo. Nilikaa na kosa hilo kama watu wanavyokaa na kisukari, wanakula, wanacheka, wanajua kipo.

Mwaka huu nilikwenda kumtembelea Deo, siku hizi naye ni baba. Mwanawe alikuwa akicheza gemu ya mji ya kisasa, kubwa kuliko mkoa wetu wa Pwani, inayojihifadhi yenyewe bila kuambiwa. Akanieleza, bila kuondoa macho kwenye kioo, kwamba katika gemu hii ukimfanyia mtu ubaya watu wanakumbuka, ukirudi mtaani kwao wanafunga madirisha. “Kwa hiyo unaweza kufanya chochote, shangazi, ila hawasahau,” akasema, na kwake hilo lilikuwa raha ya mchezo. Deo alinitupia jicho, akainuka kwenda kuniletea soda. Nilikunywa soda ile nikiwa nimeshaamua. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kibuta.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanisogezea kigoda. Nikachukua kisu cha pili. Tulimenya kama nusu beseni, kisha nikasema, nikiwa nautazama muhogo, “Baba, siku ile ya ajali, ile simu nilipiga mimi.”

“Najua,” akasema. “Ilikuwa namba ya mama yako, na yeye hakuwa na tabia ya kunipigia nikiwa njiani. Ulitaka nanasi.”

Nikamwambia kwamba miaka yote nimejua nilimwondolea mkono kwenye usukani. Baba akaweka kisu chini. “Nani kakuambia nilishika simu? Alipokea Sefu.” Sefu alikuwa utingo wake, msaidizi wa safarini, kijana aliyehamia Tunduma baadaye. “Nikiwa barabarani simu alikuwa anashika yeye. Mikono yangu yote ilikuwa kwenye usukani, Anjela.”

“Basi mtoto alitokea ghafla kweli,” nikasema.

Alifuta utomvu wa mihogo vidoleni kwa shati lake kuukuu, kidole kimoja baada ya kingine. “Hakutokea ghafla,” akasema. “Hilo ni neno la shangazi yako, aliniletea mahabusu, nikalipokea. Nilimwona kwa mbali, amesimama pembeni na begi lake. Nilikuwa nakimbiza niwahi kushusha. Nikajua nikipunguza mwendo nitachelewa. Nikadhani atasubiri.”

Kuku walikuwa wanagombania maganda. Nilingoja nafuu inifikie, maana niliitafuta tangu darasa la nne, na sasa nilikuwa nimepewa, mkononi. Haikuja. Nilikumbuka nilivyozoea kusema moyoni kwamba watu wazima wana uhuru wao, wanakwenda watakako, na sisi watoto ndio tunaoharibu mambo. Kumbe alikuwa na nafasi, na muda, na mikono miwili, na breki. Mji ule wa kwenye televisheni ya shangazi haukuwahi kunipa jibu hilo, kwa sababu sikuwahi kujaribu kumwona mtu kwa mbali na kuendelea tu. Baba akainamisha kichwa, akanisubiri niseme neno, na mimi nikaona kwamba anasubiri msamaha uleule niliokuwa nikiusubiri mimi kwake. Nilitaka kumpa. Ulimi ulikuwa na ganzi. Nikachukua muhogo mwingine, nikaanza kuumenya, nikitamani kosa lirudi liwe langu, kwa maana mtoto wa miaka kumi aliyetaka nanasi, hata mama wa yule mtoto angemsamehe.