Begi Nililompangia Wifi

Siku ya kuondoka kwenda Kiwayu, wifi yangu alilifungua begi langu ukumbini, mbele ya majirani wawili waliokuja kuniaga, akaanza kutoa kimoja kimoja.

"Wenda Kiwayu au wahama nti?" akauliza. Majirani wakacheka. Akainua poti ya mwanangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. "Na hiki je? Kule hakuna vyoo?"

Wifi huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Tunakaa nyumba moja, nyumba ya wazazi wao, sisi chini na yeye juu, katika mtaa wa kale wa Lamu ambako kila mtu anajua babu ya kila mtu alikuwa nani. Mimi nilizaliwa Mbwajumali, kijiji cha kisiwa jirani, baba yangu mvuvi na mkulima wa minazi, na katika miaka sita ya ndoa haikupita wiki bila yeye kunikumbusha. "Watu wa visiwani," husema, kana kwamba Amu, ndiyo Lamu yenyewe, iko bara.

Mume wangu ni seremala. Alikuwa amepata kazi ya milango na madirisha kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikijengwa Kiwayu, kazi ya miezi minane, na alikuwa ametangulia wiki mbili. Mimi nilikuwa namfuata na watoto: binti wa miaka minne na mdogo wake wa kiume wa miezi kumi. Begi lile nililipanga siku tatu. Binti yangu ana pumu, kwa hiyo kitu cha kwanza kuingia kilikuwa kisanduku cha plastiki chenye mfuniko mwekundu. Ndani yake mlikuwa na pampu yake ya pumu, kile kikopo cha kuvutia pumzi ya dawa, dawa ya homa, na pakiti za chumvichumvi za kuharisha.

"Vyote vitoe uviangalie," nilimwambia wifi, "ila hicho cha mfuniko mwekundu usikiguse. Ni dawa za mtoto."

"Nimeona. Sina upofu."

Nikaenda kuwaogesha watoto. Niliporudi begi lilikuwa limefungwa zipu, limesimama mlangoni. Nikamshukuru. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshukuru.

Boti iliondoka asubuhi hiyohiyo. Kwenye gati ya Mtangawanda walishuka watu wengi, tukabaki abiria saba pamoja na mzigo wa saruji. Kutoka hapo upepo ulibadilika, moshi wa injini ukawa unaturudia usoni, na maji ya chumvi yanaturukia. Binti yangu alianza kukohoa. Nilimfunika kwa leso. Baadaye kidogo nikasikia ile sauti ninayoijua, kama filimbi ndogo ndani ya kifua, na nikaona ngozi ya shingo yake ikiingia ndani kila anapovuta pumzi.

Nikafungua begi. Juu kulikuwa na nguo. Chini ya nguo, pale nilipoweka kisanduku, kulikuwa na furushi la magazeti. Nikalichana. Halua. Vibakuli vinne vya halua na mikate ya mofa kumi na miwili, na kikaratasi chenye jina la rafiki yake aliyeolewa Kiwayu.

Nilimwaga begi zima kwenye sakafu ya boti. Poti haikuwemo. Chandarua hakikuwemo. Kisanduku hakikuwemo.

Mama mmoja wa makamo, mtu wa Faza, alimchukua mtoto wangu mdogo bila kuniuliza, akaniambia, "Mkalishe wima. Usimlaze. Mfungue kifungo cha shingo, na wewe usilie, akikuona walia atabanwa zaidi." Halafu akamgeukia nahodha: "Bwana, kata ndia wende Faza. Mtoto huyu hafiki Kiwayu."

Nahodha alikata njia. Mpaka leo nikimwona gatini namsalimu kama namsalimu kaka yangu.

Sijui tulichukua muda gani. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Midomo yake iligeuka rangi, akawa hanioni tena, ananitazama kama mtu anayetazama mbali. Nilisoma kila dua niliyoijua. Tulipofika, kijana mmoja alimbeba mbio hadi hospitali, mimi nyuma na mtoto mdogo kiunoni, na muuguzi akamwekea mashine ya mvuke usoni. Baada ya kama nusu saa hivi aliomba maji. Hapo ndipo nikakaa chini sakafuni.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa umri wangu. Aliniuliza, "Pampu yake iko wapi?"

"Imebaki Amu."

"Imebaki? Mama mwenye mtoto wa pumu anasafiri na watoto wawili anaacha pampu nyumbani?"

Ningesema nini? Kwamba begi langu lilipangwa upya ili kupisha halua? Nilinyamaza nikaonekana mjinga, na ile aibu iliniingia mahali ambapo haijatoka. Binadamu anasamehe maumivu kwa urahisi kuliko anavyosamehe kuaibishwa kwa kosa la mwingine.

Halua niliigawa palepale, kwa wauguzi, kwa yule mama, kwa nahodha na mabaharia wake. Kutupa chakula ni haramu. Mimi sikuonja.

Kesho yake, tuko bado Faza, simu ikalia. Wifi.

"Halua ilifika?"

Hakuwaulizia watoto. Nikamwambia mtoto alibanwa, tuko hospitali, kisanduku hakikuwemo.

"Mungu amponye," akasema. "Lakini nyinyi nanyi mwapenda kubeba zitu. Mimi nilidhani ni mikebe mitupu."

Nilikata simu. Mume wangu alipokuja kutuchukua nilimweleza yote. Alishika kichwa, akasema atazungumza naye. Sidhani kama alizungumza naye. Kuna wanaume ambao kwa dada zao wakubwa wanabaki na umri wa miaka saba.

Miezi minane ya Kiwayu ilinifundisha kupanga begi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilijifunza kwamba leso nne zinashinda nguo kumi: moja shuka, moja pazia, moja ya kumbebea mtoto, moja taulo. Kwamba dawa hazikai ndani ya begi, zinakaa mwilini mwa mama, kwenye mkoba wa kuvaa kifuani, hata akienda chooni. Kwamba poti yenye mfuniko ni heshima kwa kila mtu ndani ya boti. Nilijifunza kubeba kamba ya kuanikia na vibanio, kidumu kidogo cha maji yaliyochemshwa, sindano na uzi, kikata kucha, tochi, chandarua cha kukunja, na kitu kimoja cha kuchezea kilichofichwa ambacho mtoto hakijui, cha kutolewa saa ile mbaya. Kila mtoto avae karatasi ya plastiki yenye namba ya simu ya baba, imeshonwa ndani ya nguo. Niliyashona yote hayo nikimfikiria wifi. Sitasema uongo. Wengine wakishona huimba, mimi nilikuwa nikipanga maneno nitakayomwambia.

Tuliporudi Lamu sikuyasema. Nilikuta kisanduku cha mfuniko mwekundu anakitumia kuwekea vifungo na zipu. Alikuwa amekiosha vizuri. Nilikitazama, nikamuuliza habari za afya, nikapita.

Sifa yangu ya kupanga mizigo ilienea. Mtu akienda Malindi kwa mamake na watoto, ananiita. Mwingine anampeleka mtoto Nairobi kwa matibabu ya miezi, ananiita. Na mwaka uliofuata wifi naye akapata safari. Mume wake anafanya kazi Mombasa, na mama mkwe wake alikuwa amemwita akae huko miezi mitatu na mapacha wake wa miaka mitatu. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa safari ile. Dada za mumewe, wanawake wa mjini wenye dhahabu na maneno, walikuwa wakimfanyia yeye yale aliyonifanyia mimi. Alikuwa ameshona madira manne mapya, yale magauni mapana, na kununua buibui la kupendeza, kwa ajili ya macho yao tu.

Akaniita juu. Nguo zote zilikuwa kitandani.

"Ndoo unipangie, wifi," akasema, akiniashiria niingie. "We ndiye fundi. Mimi naenda kusukwa nywele."

Akaniachia chumba.

Nilianza na watoto, na niliwapangia kama wanangu. Dawa ya homa, chumvichumvi, poti, leso, nguo za baridi za kwenye basi, biskuti, maji, magari mawili madogo niliyoyaficha. Niliwashonea namba za simu kwenye mashati. Ningejikata mkono kabla sijamdhulumu mtoto.

Halafu nikageukia madira. Niliyakunja vizuri, moja moja, na buibui, na kanga za hariri, na nguo zake za ndani, na viatu. Nikavipanga kwenye kabati lake, rafu ya juu kabisa, nikafunga mlango. Nafasi iliyobaki ndani ya begi nikaijaza nepi. Nepi tupu, pakiti juu ya pakiti, mpaka begi likawa na uzito wa haki. Nikafunga zipu, nikalisimamisha mlangoni.

Aliporudi alilinyanyua, akasema, "Ahsante sana wifi, Mungu akulipe."

"Amin," nikasema.

Alinipigia siku ya pili, kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa msalani.

"Wifi, nguo zangu zi wapi?"

"Nilizitoa," nikamwambia. "Nafasi ilikuwa haba. Nilidhani si za lazima."

Nilisikia maji yakidondoka upande wake.

"Nimekuja na dira moja la safarini, mtoto amelitapikia. Nimevaa la mama mkwe. Lanifika magotini. Wamekuja wageni wa kunitazama, wifi. Wote walicheka."

"Watoto je?"

"Wazima."

"Alhamdulillahi. Wangu hakuwa mzima."

Alielewa. Nilisikia pumzi yake ikibadilika, na raha niliyoipata siwezi kuificha. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa nimeshika simu, nikacheka peke yangu mpaka machozi.

Nguo nilizituma kwa basi siku ya tisa. Ningeweza kuzituma siku ya tatu.

Mume wangu alipopata habari alikasirika. "Ni dada yangu yule," akasema.

"Na yule aliyegeuka midomo ndani ya boti ni nani wako?"

Aliondoka akaenda msikitini kabla ya adhana.

Wifi aliporudi hatukusemezana hadi mfungo ukaisha. Tulikuwa tunapishana ngazini kwa salamu ya lazima tu. Asubuhi moja nilikuwa darini, juu ya paa, naanika nguo, akapanda na beseni lake, akaanika upande wa pili wa kamba, ikawa simwoni uso, namwona miguu.

"Nilijua ni dawa," akasema. "Ulinambia. Nikasema safari ya siku moja haidhuru, akifika nitamtumia. Sikutaka halua irudi nyuma, nilikuwa nimeshamwahidi rafiki yangu."

Nilisubiri aseme neno jingine. Nadhani lile lilikuwa zito vya kutosha kulipandisha ngazi tatu.

Ningependa kuandika kwamba nilivuka chini ya kamba nikamkumbatia. Nilimwambia, "Nimesikia," nikaendelea kubana mashati. Sijamsamehe, na yeye anajua, na tunapika jiko moja. Wanawe wakija chini hula kwangu. Yeye mwenyewe nikimpelekea sahani, huipokea kwa mikono miwili, haitii kasoro.