Ncha ya Pili ya Fito

"Umeninyang'anya mtoto wa tano," Manang Delfina aliniambia; manang kwetu ni dada mkubwa. Tulikuwa kiwandani Komaki, Japani, tunafungasha chakula cha boksi, mimi naweka samaki, yeye anaweka figili. "Padri kasema Jumapili hii wasipofika watoto watano, ukumbi wanapewa Wavietnamu wa kwaya. Ninao wanne. Shiori ndiye wa tano, na wewe umemtoa."

"Shiori ni mwanangu, Manang. Namtoa nikitaka."

"Kwa sababu gani?"

"Ana alama mguuni. Mwalimu wake kanipigia simu, anauliza kama baba yake anampiga."

"Ungemwambia ni ngoma ya kwenu."

"Kijapani changu hakifiki huko."

"Kinafika dukani kudai chenji, kwenye ngoma ndiyo kinakwama? Umeona haya, mdogo wangu. Sema tu."

Maboksi mawili yalipita mbele yangu bila samaki.

"Haya," akasema. "Siku Shiori akiolewa, wewe utakuwa mtu wa wapi?"

Hapo alinimaliza, maana sisi Wafilipino wote wa kiwanda kile tunaijua habari ya harusi. Manang alimlea mwanawe Masaki peke yake, kwa Kijapani cha kuokoteza. Walimu walimwambia lugha mbili zitamchanganya mtoto, naye akawatii, asimfundishe hata kumwamkia bibi yake. Masaki alipooa, aliwaambia wakwe zake kuwa mama yake ni wa Okinawa, Mjapani wa visiwani aliyeungua jua kidogo. Mama akaambiwa siku mbili kabla. Akaenda, kavaa kimono cha kukodi. Mama mkwe akamuuliza, Okinawa sehemu gani? Akajibu, kusini. Akala, akainama, akashukuru. Jumatatu alifungasha maboksi zamu nzima bila kuinua uso, na mwezi uleule akaenda kwa padri kuomba ukumbi awafundishe watoto wa wenzake. Wa kwake alikuwa keshapotea.

Alianza na kumi na wawili. Aliwafundisha kuushika mkono wa mtu mzima na kuugusisha kwenye paji la uso, ndiyo maamkizi yetu. Aliwafundisha kula wali kwa vidole, na ngoma ya ndege anayekwepa mitego shambani. Ngoma hiyo inataka mianzi miwili na watu wawili wa kukaa chini, kila mmoja ncha yake, wagonge sakafu mara mbili kisha waigonganishe mianzi, na mchezaji aruke ndani na nje asibanwe. Mianzi hakuwa nayo, akaleta fito za bati za kuanikia nguo. Mtu wa ncha ya pili hakuwa naye pia. Akazifunga ncha hizo kwenye mguu wa meza kwa mpira wa baiskeli, akawa anagonga peke yake. Fito zikawa zinakwenda zinavyotaka. Ndizo zilizompata Shiori.

Na mtu wa ncha ya pili nilipaswa kuwa mimi. Nilipojifungua, Manang alinipikia supu ya kuku na mlonge siku kumi na nne, akakataa hata asante. Alisema ipo siku ataniomba kitu. Februari akaniomba Jumapili moja tu nimshikie fito. Nikamwambia nakuja. Mpaka Oktoba nilikuwa na mafua, na wageni, na nguo za kufua.

Jumapili hiyo nilimchukua Shiori tukaenda. Wale wanne, wawili walikuwa wamepelekwa mpirani. Kwa hiyo watatu. Padri alichungulia, akahesabu kwa macho, akainama na kuondoka. Nje Wavietnamu walikuwa wamekwisha leta kinanda. Manang alikuwa amepiga magoti, anahangaika na ule mpira kwenye mguu wa meza.

"Iache meza," nikamwambia, nikakaa chini.

"Umechelewa miezi minane."

"Najua."

"Na ukumbi umekwenda."

"Najua, Manang. Gonga."

Tukagonga. Shiori akaikanyaga fito mara ya kwanza, akaikanyaga mara ya pili. Mara ya tatu akapita, akarudi, akapita tena, na Manang hakuondoa macho kwenye ile miguu midogo. Nilimwona anahesabu kwa midomo, kwa lugha ambayo Masaki haijui. Magoti yaliniuma mpaka nikauma meno. Hakuniambia nipumzike, nami sikuomba.

Saa ilipokwisha kwaya iliingia, wapole, wakavua viatu. Tulizibeba fito mabegani, yeye nyuma mimi mbele, Shiori katikati na mfuko wenye ule mpira.

"Sasa utawafundishia wapi?"

"Sijui."

Tukafika kwenye ngazi.

"Na ile Jumapili yangu?" nikauliza bila kugeuka.

Akazisogeza fito begani.

"Umeilipa," akasema. "Inamisha mbele, utavunja taa ya watu."